Historia ya shujaa inapofutwa: maswali ambayo mashabiki wa komiki huuliza kila mara

Kila DC au Marvel, wachapishaji wa komiki wa Marekani, wanapotangaza kwamba historia ya mashujaa wao inaanza upya, maswali huwa yaleyale na uchungu huwa uleule. Nimeyajibu hapa kwa ajili ya aliyeanza kusoma juzi, na pia kwa aliyekula chumvi nyingi pamoja na mashujaa hawa.

Ribuuti ni nini hasa?

Ni pale mchapishaji anapoamua kwamba historia ya mashujaa wake, yote au sehemu kubwa, haikutokea, kisha anaisimulia tena tangu mwanzo. Usiichanganye na marekebisho ya nyuma, ambapo mwandishi anabadili au kuongeza jambo moja katika maisha yaliyopita ya mhusika na mengine yote yanabaki. Wala usiichanganye na kurudisha namba. Toleo namba 1 linaweza kutoka wakati hadithi inaendelea palepale ilipoishia, na Marvel hufanya hivyo mara nyingi kwa sababu namba 1 inauzika. Mashabiki hulalamikia yote matatu, ila ni ribuuti inayowaliza.

Kwa nini wachapishaji hawaachi tu hadithi ziendelee?

Superman alianza 1938, Batman 1939. Hadithi zao zimetoka karibu kila mwezi tangu wakati huo, zikapita mikononi mwa waandishi wengi ambao hawakuwahi kukaa meza moja. Msomaji mpya akiona mlima huo anaogopa kuupanda. Mwandishi naye anabanwa, maana kila anachotaka kuandika kimeshaandikwa, au kinapingana na kitu cha miaka 30 iliyopita. Halafu kuna mauzo: ribuuti huleta watu dukani. Mwaka 2011 ilileta wengi sana, na kazi ngumu ikawa kuwabakiza.

Sababu hizi zote ni za kweli. Mimi sina ugomvi na mhariri anayetaka mlango mpana wa kuingilia. Ugomvi wangu ni pale anapoujenga kwa kuwatoa nje waliomo ndani.

Nani alianzisha mtindo huu?

DC, mwaka 1956, katika Showcase namba 4. Mhariri Julius Schwartz alitaka Flash mpya, na ndipo akapatikana Barry Allen. Flash wa kwanza, Jay Garrick wa 1940, aligeuzwa kuwa mhusika wa komiki ambazo Barry mwenyewe alizisoma utotoni. Hiyo peke yake ingetosha kumuudhi aliyempenda Jay. Lakini mwaka 1961, katika The Flash namba 123, Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino walimvusha Barry hadi dunia nyingine, akamkuta Jay yupo hai, ameoa, nywele zimeanza kuingia mvi. Fox ndiye aliyekuwa mmoja wa waliomuumba Jay zaidi ya miaka 20 kabla. Alimpa shujaa wake mahali pa kuishi badala ya kumzika, na wasomaji waliipenda hadithi hiyo kiasi kwamba dunia hizo mbili zikaanza kutembeleana kila mwaka.

Kwangu mimi huo ndio mfano bora hadi leo. Kipya kilipata nafasi yake na cha kale hakikukanwa.

Crisis on Infinite Earths ilipokelewaje?

Kwa shangwe na kwa kilio, mara nyingi kutoka kwa msomaji yuleyule. Marv Wolfman na George Pérez walitumia matoleo 12, kati ya 1985 na 1986, kuziangamiza dunia nyingi za DC na kubakiza moja. Supergirl alikufa katika namba 7, Barry Allen katika namba 8. Jalada la namba 7, Superman akiwa amembeba binamu yake na kulia, linajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuisoma hadithi yenyewe.

Kifo walikivumilia. Kilichouma kilikuja baadaye. Mwaka 1986 John Byrne alitoa The Man of Steel katika matoleo sita: Superman sasa ndiye pekee aliyesalia kutoka sayari ya Krypton, wazazi wake wa Kansas wako hai, na hakuwahi kuwa Superboy, yaani shujaa tangu ujana wake. Ni kazi safi, na iliwaingiza wengi waliokuwa hawamgusi Superman. Lakini kwa mantiki hiyo mpya Supergirl hakuwa ameuawa tena. Hakuwahi kuwepo. Hana kaburi, na hata binamu aliyembeba hamkumbuki.

Mwaka 1989, katika Christmas with the Super-Heroes namba 2, Alan Brennert na Dick Giordano waliandika hadithi fupi ambayo mashabiki bado wanapeana. Deadman ni mzimu. Hakuna anayemwona, na usiku huo wa Krismasi amechoka kutenda mema yasiyo na shukrani. Anatokea mwanamke mwenye nywele za dhahabu ambaye anamwona na kuongea naye. Anamweleza kwamba wema hautendwi ili ushukuriwe, unatendwa kwa kuwa lazima utendwe, hata kama hakuna atakayejua kuwa uliwahi kuishi. Deadman anamuuliza jina. Anasema anaitwa Kara, ingawa anadhani jina hilo halitamwambia kitu. Deadman hamjui. Msomaji ndiye anayemjua. Sijasoma maombolezo mengine ya ribuuti yanayofikia hayo, na yaliandikwa na kuchapishwa ndani ya kampuni ileile iliyomfuta.

Mafundo mengine hayakufunguka kirahisi. Legion of Super-Heroes, vijana wa karne ya 30, walikuwa wameungana kwa kuvutiwa na Superboy. Superboy alipoondolewa, msingi wao ukatikisika, wakaanzishwa upya 1994 na tena miaka kumi baadaye. Donna Troy alikuwa Wonder Girl katika Teen Titans tangu miaka ya 1960, ilhali Wonder Woman mpya wa Pérez anaingia duniani kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Mdogo akawa ametangulia kazini miaka mingi kuliko dada anayemfuata kwa jina. Asili ya Donna imeandikwa upya mara nyingi sana tangu hapo, na ukikutana na shabiki wake, mpe pole kwanza.

“Ni hadithi tu.” Mbona watu wanaumia hivyo?

Angalia wanachosamehe, utaelewa wanachougulia. Mwaka 1963 Tony Stark, yaani Iron Man, alijeruhiwa Vietnam. Miaka ikapita, vita ile ikawa ya mbali mno kwa mtu wa umri wake, ikahamishiwa Afghanistan. Wachache sana waligomba. Mavazi hubadilika, miaka ya kuzaliwa husogezwa, teknolojia huboreshwa, na msomaji humeza bila shida.

Sasa gusa uhusiano. Mwambie msomaji kwamba Clark, yaani Superman, na Lois hawakuwahi kuoana, kwamba Wally West, aliyerithi jina la Flash, hakulelewa kikazi na Barry, kwamba marafiki aliowaona wakizikana na kusameheana hawajawahi kukutana. Hapo moto unawaka. Komiki humfikia mtu toleo moja kwa mwezi, miaka nenda miaka rudi. Aliyemwona Dick Grayson akiwa Robin, akamwona akigombana na Batman, akatoka kivulini mwake mwaka 1984 na kuwa Nightwing, amekua pamoja naye. Tarehe za maisha ya Dick amezisahau. Ugomvi ule na mapatano yake hajavisahau.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba mashabiki wanachukia mabadiliko. Nightwing mwenyewe ni badiliko, na kubwa. Wanachokataa ni kuambiwa kwamba walichokishuhudia hakikutokea.

Kwa nini One More Day haisameheki mpaka leo?

Kwa sababu hadithi hii ya Spider-Man ilifuta uhusiano peke yake na kuacha karibu kila kitu kingine. Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man, na Mary Jane walioana 1987. Mwaka 2007, Aunt May, shangazi aliyemlea Peter, akiwa mahututi kwa risasi iliyomlenga Peter, Mephisto, shetani wa Marvel, anawajia na masharti: atamponya shangazi, na yeye atachukua ndoa yao. Wanakubali. Kabla ya saa sita usiku anawaonyesha msichana mdogo mwenye nywele nyekundu, na kuwaambia huyo ndiye binti ambaye sasa hawatampata kamwe. Asubuhi Peter anaamka kapera.

Joe Quesada, mhariri mkuu wa Marvel wakati huo ambaye pia aliichora, alikuwa amesema wazi kwa miaka kwamba ndoa inamzeesha Spider-Man. J. Michael Straczynski, mwandishi, alisema hadharani kwamba alitaka jina lake liondolewe kwenye matoleo ya mwisho. Msomaji aliona mkono wa mhariri ndani ya hadithi. Peter, ambaye tangu 1962 somo lake kuu ni kuwajibika, alikwepa msiba kwa kupeana mkono na shetani. Kama wangeachana kwa talaka, mashabiki wangelia na kisha wangeendelea. Talaka ingekuwa sehemu ya maisha yao, na yote yaliyotangulia yangebaki na maana.

New 52 ilikosea wapi?

Tuanze na ilipopatia. Baada ya Flashpoint, hadithi iliyobadili historia ya mashujaa wa DC, tarehe 31 Agosti 2011, DC ilitoa Justice League namba 1 ya Geoff Johns na Jim Lee, kisha mwezi uliofuata ikajaza majarida 52 kamili, yote yakianzia namba 1. Wasomaji walimiminika. Scott Snyder na Greg Capullo kwenye Batman, Brian Azzarello na Cliff Chiang kwenye Wonder Woman: hizo ni kazi ambazo ningempa mtu yeyote.

Kosa la kwanza lilikuwa kutoamua. Mashujaa wote walisemekana kuwa na takriban miaka mitano kazini, lakini historia ya Batman na Green Lantern, iliyokuwa ikiuza, iliachwa karibu nzima. Matokeo yake Batman akawa amepitia Robin wanne ndani ya miaka mitano, akiwemo mwanawe wa miaka kumi. Mashabiki walikaa na kalamu wakijaribu kupanga kalenda hiyo, na haikupangika.

Kosa la pili ndilo lililoacha kovu. Mwaka 1988 Joker alimpiga risasi Barbara Gordon, aliyekuwa Batgirl, na kumpooza miguu, katika hadithi ambayo yeye mwenyewe hakupewa nafasi ya kufanya lolote. Kuanzia 1989 John Ostrander na Kim Yale walimwinua kutoka hapo, wakamfanya Oracle: mtaalamu wa habari na kompyuta ambaye nusu ya mashujaa wa DC walimtegemea, akifanya kazi kwenye kiti chake cha magurudumu. Kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa miongoni mwa wahusika wachache sana wenye ulemavu ambao uwezo wao haukutiliwa shaka na yeyote. Mwaka 2011 alisimama, akavaa tena vazi la Batgirl. Gail Simone, aliyekuwa amemwandikia Oracle kwa mapenzi makubwa, alipewa jarida hilo na akaliandika kwa uangalifu. Lakini angalia kilichobaki na kilichowekwa kando: risasi ilibaki, miaka ya Oracle ikasukumwa pembeni. Wasomaji wenye ulemavu waliolalamika walikuwa na haki kabisa, na kuwajibu kwamba “komiki ni kwa ajili ya burudani” ni kutowasikia.

Wengine hawakuonekana kabisa kwa muda: Wally West, Donna Troy, na wawili waliowahi kuwa Batgirl, Cassandra Cain na Stephanie Brown. Kwenye San Diego Comic-Con ya 2011 shabiki mmoja aliyevaa kama Batgirl alisimama kikao baada ya kikao kuwauliza wakuu wa DC wanawake wako wapi, kwenye kurasa na kwenye orodha ya waandishi. Kabla ya mwezi huo kwisha DC ilitoa tamko la kuahidi kuwaajiri zaidi.

Marvel nao wanafanya ribuuti?

Kwa DC jibu lingekuwa refu. Marvel wamependelea wakati unaoteleza: kila kitu kilitokea, ila kimebanwa ndani ya miaka michache ya karibuni. Walijaribu mwanzo mpya 1996 kwa Heroes Reborn, ambapo Avengers, Iron Man, Captain America na Fantastic Four walikabidhiwa studio za Jim Lee na Rob Liefeld. Baada ya takriban mwaka mmoja wakarudishwa katika ulimwengu wao wa kawaida.

Kuna mwanzo mpya uliopendwa?

Upo, tena zaidi ya mmoja. Mwaka 2000 Brian Michael Bendis na Mark Bagley walianza Ultimate Spider-Man, ambamo asili iliyosimuliwa kwa kurasa 11 mwaka 1962 ilipewa matoleo kadhaa ya kupumua. Peter wa zamani aliendelea na jarida lake bila kuguswa. Ulimwengu huo ndio uliomzaa Miles Morales, Spider-Man mwingine, mwaka 2011, na ulipofungwa katika Secret Wars ya 2015 Miles alihamishiwa ulimwengu mkuu pamoja na familia yake. Mwaka 2024 Jonathan Hickman na Marco Checchetto walianza Ultimate Spider-Man nyingine ambamo Peter ni mtu mzima, ameoa Mary Jane, ana watoto wawili. Ilipokelewa kwa hamu na ghamu, na sidhani kama kuna asiyejua ni kiu gani iliyokuwa ikikatwa. DC walifuata Oktoba mwaka huohuo kwa Absolute Batman ya Scott Snyder na Nick Dragotta, nayo ikauzika vilivyo. Tena kando, bila kumfuta Batman mwingine.

Halafu kuna DC Universe: Rebirth namba 1 ya Mei 2016, kurasa 80 kwa dola 2.99, iliyoandikwa na Geoff Johns. Wally West amenaswa nje ya wakati. Anaenda kwa mtu mmoja baada ya mwingine akitafuta wa kumkumbuka, maana akikumbukwa atashikwa na kuvutwa ndani. Linda Park, mkewe wa maisha yaliyofutwa, anamtazama kama mgeni. Nguvu zinamwishia. Anamwendea Barry, safari hii bila kuomba kuokolewa, anataka tu kumshukuru na kuaga. Anaanza kuyeyuka. Barry analitamka jina lake, anamdaka mkono, wanakumbatiana huku wote wawili wanalia. Hadithi yenyewe inatamka kwamba kuna miaka iliyoibwa na kwamba kilichoibwa pamoja nayo ni upendo kati ya watu hawa. DC ilikuwa imewasikia mashabiki, na ikaliweka sikio hilo ndani ya hadithi. Ndiyo maana Heroes in Crisis ya 2018, iliyomgeuza Wally huyohuyo kuwa chanzo cha vifo vya wenzake, iliuma maradufu.

Kelele za mashabiki hubadilisha kitu kweli?

Mara nyingine, ingawa huchukua miaka. Hal Jordan, aliyekuwa Green Lantern, aligeuzwa muuaji mwaka 1994, na kundi la mashabiki likafanya kampeni ya kudai arudi. Alirejea katika Green Lantern: Rebirth iliyoanza 2004. Kyle Rayner, aliyechukua nafasi yake, hakufutwa ili kumpisha, jambo ambalo naliheshimu sana. Ndoa ya Clark na Lois ilirudi pamoja na mtoto wao Jon. Chupi nyekundu ya Superman ilirudi katika Action Comics namba 1000, mwaka 2018.

Kuna upande wa giza pia. Jason Todd, Robin wa pili, alianza 1983 akiwa mtoto wa sarakasi, karibu nakala ya Dick. Baada ya Crisis alipewa asili mpya: mtoto wa mtaani anayeiba matairi ya gari la Batman, mkali na mbishi. Wengi hawakumpenda huyo mpya. Mwaka 1988 DC ilifungua laini mbili za simu kwa saa 36, afe au aishi. Kura 5,343 zilisema afe, 5,271 aishi. Tofauti ya kura 72. Kama angebaki yule wa sarakasi, nina shaka hata kama simu hizo zingefunguliwa.

Hasira ina mpaka?

Ina mpaka. Kosoa hadithi, acha kununua, andika barua ya kurasa kumi. Kumtukana au kumtishia mwandishi, mchoraji au jamaa zao ni uonevu, na mara nyingi uamuzi unaokuudhi ulifanywa na mtu mwingine ofisini juu yao.

Mimi ni mgeni. Nianzie wapi?

Chagua mwandishi na mchoraji badala ya namba. Anza na hadithi moja iliyokamilika ndani ya kitabu kimoja, na usihangaike na kilichotangulia. Utakachohitaji kukijua utakiuliza mwenyewe.

Matoleo yangu ya zamani bado yanahesabika?

Kwa kauli ya DC yenyewe, ndiyo: Dark Nights: Death Metal, iliyokwisha mwanzoni mwa 2021, ilimalizika kwa mashujaa kuzikumbuka historia zao zote, na Infinite Frontier ikaendelea kutoka hapo. Kesho mhariri mwingine anaweza kusema vingine. Komiki za Birds of Prey zenye Oracle, Legion za kabla ya 1985 na Supergirl wa tangu 1959 zinapatikana katika vitabu vya mkusanyo, na mengi yake yamo kwenye maktaba za kidijitali za wachapishaji. Ukimpenda mhusika aliyefutwa, tafuta hivyo, umpe na mwenzio asome.